Mguu wa Kulia wa Mwalimu

Watu wengi wakikutana nawe wanakutazama usoni. Fundi viatu ninayetaka kukusimulia habari zake alianza na miguu, akapanda taratibu, na mara nyingine hakufika usoni kabisa. Ungenyoa kipara leo, kesho angekusalimia bila kuona kitu. Lakini ukibadilisha kamba za viatu tu, kashajua. Si kwamba alikuwa na dharau. Ndivyo alivyoumbwa, na kazi ikamzidishia.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iendayo sokoni, kimeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Ndani mlikuwa na benchi, kigoda cha kukalia yeye, kiti cha mteja, rafu ya kalibu, ile miguu ya mbao ya kuumbia viatu, za kila saizi, na msumari mrefu uliojaa vikanda vya karatasi. Hivyo vikanda ndivyo vipimo vyake. Futi kamba yenye namba hakuiamini. Mteja akikaa, Fundi anakata ukanda wa karatasi wenye upana wa kidole, anauzungusha mguuni, na pale ncha zinapokutana anachana kialama kwa ukucha. Alama ya vidoleni, alama ya mgongo wa mguu, alama ya kifundoni. Anaandika nyuma ni wa nani, anautundika. Ukirudi mwakani anakupima upya, na ule wa zamani anautia motoni.

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, mzee mkali aliyemlea, ambaye alimwachia pia kanuni mbili. Ya kwanza: usiguse kitu kwa wembe wala sindano kabla hujakipima, hata kama jana ulikipima. Ya pili: mguu haukosei, kinachokosea ni kiatu.

Hiyo ya pili Fundi aliishika kama sala. Alikuja mpeleka barua mwenye kinundu kando ya kidole gumba, kiatu chake kikapanuliwa pale pale penye kinundu. Alikuja mpishi ambaye miguu yake ilivimba kila jioni, akashonewa viatu vya kufunguka ubavuni. Bibi mmoja vidole vyake vilikuwa vimepandana kama watoto wanaogombea dirisha, naye aliondoka kibandani anatembea kwa maringo. Hapakuwa na mguu uliomshinda Fundi. Sifa zikamwendea, na sifa, mwenzangu, ni tamu; mtu akizizoea hasikii kingine. Lishike hilo, tutalirudia.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Walijuana kwa njia ya mguu, wangejuana kwa njia gani nyingine? Alifika kibandani akiwa mwalimu mgeni, kiatu kimeachia soli, anachechemea kwa aibu. Fundi akampima. Kiatu kilichotakiwa kutengenezwa kwa siku moja kilichukua wiki mbili, maana kila mara mwalimu alipokuja kukiulizia, kilikuwa kimebaki kidogo tu. Jirani yake Fundi, mshona mabegi ambaye watu wote walimwita Zipu, ndiye aliyemwambia mwalimu ukweli: dada, kiatu chako kiliisha Jumanne ya kwanza, mwenye kiatu ndiye hajaisha. Walioana mwaka huo huo. Kwa miaka ishirini na sita yeye alimwita mkewe Mwalimu, na mkewe alimwita Fundi, na katika majina hayo mawili walikuwa wametia kila kitu. Maneno matamu Fundi hakuyaweza. Alichoweza ni kumpima Mwalimu mguu kila mwaka na kumshonea viatu vya kufungulia shule.

Na siku ya kufungua shule, kwa Mwalimu, ilikuwa siku kuu kuliko zote. Hakuwahi kuikosa hata moja. Siku hiyo watoto wapya hulia, na mwalimu huyu alikuwa na kawaida yake: anachuchumaa mlangoni mwa darasa, macho yake yawe sawa na macho ya mtoto, anampokea mmoja mmoja kwa jina. Alisema mtoto akipokelewa vizuri siku ya kwanza, shule itampenda na yeye ataipenda. Sasa, kuchuchumaa ndiko kulikomshinda. Miaka ya nyuma alikuwa akiandika ubaoni, akarudi kinyumenyume, akakanyaga hewa, na kifundo cha mguu wa kulia kikapinduka. Kilipona, kikaumia tena, kikapona vibaya. Mwishowe mfupa ukaota ncha kwa mbele, na kila akikunja mguu, ile ncha ilibana nyama ndani. Mwaka uliopita aliwapokea watoto amesimama, akarudi nyumbani akalia.

Daktari wa mifupa aliwaambia kuna njia. Hatapasua mguu wote. Atatoboa matundu mawili madogo mbele ya kifundo, moja la kamera nyembamba kama penseli, jingine la chombo cha kusaga ule mfupa. Unaingia asubuhi, unalala nyumbani kwako. Likizo ndefu ilikuwa imeanza, na shule ingefunguliwa baada ya wiki sita. Akawasomea na mabaya yanayoweza kutokea, mojawapo kuumia kwa mshipa wa damu, jambo la nadra sana. Mwalimu alisoma fomu mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, kama anayesahihisha insha. Fundi yeye alikuwa anatazama viatu vya daktari. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande, na kilimsumbua mpaka wakaondoka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kumi na mbili wakarudi kutolewa nyuzi, na muuguzi akasema mguu kuvimba kidogo ni kawaida, auweke juu ya mto, lakini uvimbe ukiongezeka warudi mara moja, wasingoje tarehe. Hiyo sentensi ya mwisho waliibeba mpaka nyumbani, kisha sijui waliiweka wapi.

Wiki ya tatu kikatokea kitu kama punje ya harage, mbele ya kifundo, karibu na kovu la tundu moja. Mwalimu akasema kiatu kinambana. Na Fundi, unamjua tena. Alimkalisha, akampima, akalegeza ulimi wa kiatu, akatoa mshono mmoja. Mwalimu akatembea uani mara mbili, akasema ahsante, sasa raha. Wiki ya nne lile harage lilikuwa kama kokwa la tende, na Fundi akalowesha ngozi, akaitia kwenye kalibu, akaivuta. Mwalimu akasema kidole gumba kinakufa ganzi. Fundi akalegeza kamba. Mwalimu akasema jioni panagonga-gonga kwa ndani. Fundi akaweka sponji. Kila lalamiko lilipata jibu, na kila jibu lilikuwa la ngozi.

Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili akiuliza kama mama karudi hospitali. Mama alisema kumevimba kidogo tu, muuguzi alishasema ni kawaida. Baba alisema anamtengenezea viatu vizuri ajabu. Nao wote wawili walikuwa wakisema kweli, ndilo la kusikitisha. Mwalimu alijua moyoni kwamba akienda hospitali anaweza kuambiwa asikanyage mguu mwezi mzima, na shule inafunguliwa. Kwa hiyo hakulalamika sana. Fundi naye alikuwa na ile sala yake, mguu haukosei, na zile sifa masikioni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa hawakuyaficha. Waliyavalisha.

Na waliyavalisha vizuri, tusimnyime mtu haki yake. Wiki ya tano Fundi aliacha kazi za watu akakaa siku tatu na jozi moja. Ngozi nyeusi laini, soli nyepesi, na kwenye kiatu cha kulia, kwa mbele, nundu ndogo iliyoinuliwa kwa ustadi na kutiwa sponji kwa ndani, ili kile kivimbe kikae humo bila kuguswa. Nundu hiyo hungeiona mpaka uonyeshwe. Zipu alikigeuzageuza kile kiatu, yeye ambaye mdomo wake haujawahi kukosa la kusema, akasema tu kwamba hii si kazi ya mikono ya mwanadamu.

Jumamosi alasiri, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, Mwalimu akaja kibandani kuvijaribu. Cha kushoto kikaingia. Cha kulia kikakataa. Fundi akadhani kakosea, akakagua mshono, akavuta ulimi, akajaribu tena. Mguu ukagoma. Kivimbe kilikuwa kimepanda tangu juzi, sasa ni kama ndimu, na ngozi ya juu imekazana, inang'aa.

Zipu akainua shingo kutoka kwenye mabegi yake akatoa hukumu. Hilo ni jipu, akasema, limeiva, lina usaha. Shemeji yake alikuwa nalo pajani, likatobolewa asubuhi, jioni akaenda harusini. Mwalimu akasikiliza kwa makini kuliko ilivyofaa. Akasema hospitali leo Jumamosi watamwandikia aje wiki ijayo, na wiki ijayo watoto wake watakuwa wamepokelewa na mtu asiyejua majina yao. Akamgeukia mumewe.

"Nitoboe wewe, Fundi. Mkono wako hautetemeki."

Fundi akakataa. Mwalimu akasema tena, polepole, kwa sauti anayoitumia kwa watoto wanaoogopa kusoma mbele ya wenzao, na miaka ishirini na sita ilikuwa imemfundisha Fundi kwamba sauti hiyo haishindwi. Basi akawasha jiko la kuyeyushia nta, akabandika sufuria, akachemsha sindano yake ndefu ya kushonea ngozi mpaka maji yakakauka nusu. Akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Akampangusa mkewe mguu kwa spiriti. Kisha akakaa kwenye kigoda, akauweka ule mguu mapajani juu ya aproni yake, kama alivyouweka mara ya kwanza kabisa, na akachukua sindano.

Hapo ndipo mkono wake ulipofanya kazi uliyoizoea. Yeye mwenyewe baadaye alisema hakufikiri chochote. Mkono uliweka sindano chini, ukachukua ukanda wa karatasi. Huwezi kugusa kitu kwa sindano kabla hujakipima.

Mwalimu akacheka, japo alikuwa na woga. "Sasa unataka kulishonea koti?"

Fundi akazungusha ukanda juu ya kivimbe, akazikutanisha ncha mbili, akatayarisha ukucha wa kuchania alama. Ncha hazikutulia. Ziliachana kidogo, upana wa uzi, zikakutana. Zikaachana, zikakutana. Akadhani ni mkono wake, akaegemeza kiwiko kwenye goti. Zikaachana, zikakutana. Maisha yake yote alikuwa amepima miguu, mizima na mibovu, wala hakuwahi kushika mguu unaosukuma karatasi. Kwa mkono mwingine akamshika Mwalimu kifundo cha mkono, hapa chini ya kidole gumba ambapo wauguzi hushika. Akahesabu. Kule mkononi na huku kwenye karatasi, mpigo ulikuwa mmoja.

"Hatutoboi," akasema.

"Kwa nini?"

"Halina usaha hili. Linapiga pamoja na moyo wako."

Zipu akatoka mbio barabarani kusimamisha gari, bila utani hata mmoja. Fundi akafungua droo ya chini ya benchi, akachukua kopo la zamani la rangi ya viatu, akatumbukiza humo na ule ukanda, akalitia mfukoni. Kisha akambeba mkewe. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, akabebwa mchana kweupe mbele ya wauza misumari na saruji, naye akamkumbatia shingo, maana alikuwa ameiona sura ya mumewe.

Hospitali walipokelewa na daktari wa zamu, mama wa makamo mwenye viatu vya raba vilivyofungwa vizuri. Aliweka vidole viwili juu ya kivimbe, akavitoa, akaviweka tena. Akachukua kifaa cha kusikilizia moyo, akakiweka mguuni, akainamisha kichwa. Akauliza hiki kitu kimeanza lini. Mwalimu akasema siku mbili tatu hivi.

Fundi akatoa kopo. Vipimo vya watu wote alivitia motoni, nimeshakwambia, ila vya mtu mmoja hakuwahi kuvitupa hata kimoja, na siku zote alikuwa akivificha humo. Akavitandaza kitandani kwa mpangilio: mwaka jana, siku moja kabla ya upasuaji, wiki ya tatu, ya nne, ya tano, na wa leo ambao haukuwahi kuchanwa alama. Alikuwa hajawahi kuvilaza pamoja. Fundi hutazama kipimo cha mwisho tu, hicho ndicho cha kushonea. Sasa alama za kifundoni zilikuwa zimepanda moja baada ya nyingine, ngazi kabisa, hata mtoto wa darasa la kwanza angesoma. Na Fundi akasoma. Akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuombwa.

Daktari alivitazama vile vikanda, akamtazama yeye, akasema hajawahi kuletewa maelezo ya mgonjwa yaliyo wazi namna hii. Kisha akauona mmoja kati ya vilivyobaki ndani ya kopo, chini kabisa, umegeuka rangi ya chai, akauliza huu nao ni wa lini. Mwalimu ndiye aliyeunyoosha mkono akauchukua. Nyuma yake, kwa mwandiko wa kijana, palikuwa pameandikwa: Mwalimu mgeni, mguu wa kulia. Arudi. Mwalimu akausoma mara mbili, akaufumbata, akageukia ukutani.

Wakampiga picha ya altrasaundi, na daktari wa mishipa ya damu akaitwa kutoka nyumbani kwake. Aliwaeleza vizuri, kwa lugha ya watu. Mbele ya kifundo, chini kidogo tu ya ngozi, unapita mshipa mkubwa unaolisha mguu damu. Siku ya upasuaji mshipa huo uliguswa, tundu dogo kama la sindano. Hutokea mara chache mno, hata mikono ikiwa mizuri. Damu ikawa inavujia nje ya mshipa na kujijengea mfuko kwenye nyama, mfuko usio na ukuta wa kweli, na kila moyo ukipiga, mfuko unajaa. Ndiyo maana umekuwa. Kazi kama hii yeye mwenyewe alikuwa ameifanya mara moja tu tangu aanze kazi. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyejaribu kutoboa.

Wakatazamana. Fundi akasema sindano ilichemshwa.

Daktari hakumkaripia. Alisema tu kwamba kama ingeingia, pengine wasingefika hapa. Akasema watamfungua kesho asubuhi, wazibe lile tundu. Fundi akauliza kama mguu utabaki. Daktari akasema anatumaini hivyo. Lakini vidole vimeanza kupoa, hawezi kuahidi mpaka aone kwa macho. Alikuwa mtu wa kweli, na ukweli wake ulimlaza Fundi macho kwenye benchi la nje.

Asubuhi, kabla kitanda hakijasukumwa, walipewa dakika chache peke yao. Mwalimu alikuwa amefungwa kilemba cha hospitali, na Fundi, safari hii, alikuwa akimtazama usoni.

"Nilikuwa nakiona kinakua. Kila wiki nilikiona kwa macho yangu, nikakishonea nafasi. Ugonjwa wako niliukatia ngozi, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu akamshika ule mkono usiotetemeka. "Na mimi nilikuletea mguu wangu utobolewe kwa sindano ya viatu, nikijua nimeambiwa nirudi hospitali. Tumekosa wote, mume wangu." Katika miaka yote hiyo hakuwa amemwita hivyo zaidi ya mara tano. "Ila ulipima. Ungekuwa mtu mwingine, usingepima."

Kisha akaanza kulia, na si kwa ajili ya mguu. Alisema kesho watoto arobaini na mmoja watafika mlangoni na yeye hayupo. Akasema nani atawachuchumalia. Wauguzi wakaja, kitanda kikaenda.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu, jamani. Fundi alizihesabu zote kwa viatu vilivyopita ukumbini. Daktari wa mishipa alipotoka, alivua barakoa kwanza, na Fundi akaona meno yake kabla hajasikia neno. Mguu upo. Tundu lilikuwa kubwa kuliko walivyodhani, halikukubali kushonwa hivi hivi, kwa hiyo wamechukua kipande kidogo cha mshipa mwembamba wa mgonjwa mwenyewe wakalitia kiraka. Fundi, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama kama gogo, akapata uhai kwenye neno kiraka. Akauliza wametumia uzi gani. Mwembamba kuliko unywele, akajibiwa. Akauliza kama wanaupaka nta. Daktari akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akamchukua kwa mkono akampeleka kwa mkewe aliyekuwa bado usingizini. Akamwekea vidole viwili juu ya mgongo wa mguu wa kulia, kati ya mfupa na mfupa, pale pale zinapopita kamba za viatu. Sikia, akamwambia. Hapa ndipo utakapojua kila siku kwamba damu inafika.

Miaka ishirini na sita Fundi alikuwa akifunga kamba juu ya mahali hapo, na hakuwahi kujua kwamba pana kitu kinachopiga.

Jumatatu asubuhi Mwalimu aliamka akaona kiti cha mumewe ni kitupu. Akageuka kutazama saa ya ukutani. Saa mbili kamili, kengele inagongwa sasa. Akafumba macho.

Fundi alirudi saa tano, suruali imechafuka vumbi magotini, shati limelowa bega moja. Akavuta kiti mpaka miguuni mwa kitanda, si kichwani, akakaa. Mwalimu akamuuliza alikuwa wapi. Akasema alikwenda shule. Alimwomba mwalimu mkuu ruhusa akakaa mlangoni mwa darasa la kwanza na kigoda chake. Majina hakuyajua, kusema nao hakuweza, kwa hiyo kila mtoto aliyefika analia alimwambia anyooshe mguu, akamfunga kamba za viatu upya. Ilionekana mtoto hawezi kulia vizuri huku anatazama kamba zake zinafungwa.

"Wote?" Mwalimu akauliza.

"Arobaini. Mmoja alikuwa na ndara."

"Huyo je?"

"Huyo nilimbeba." Akagusa bega lililolowa. Akaendelea kuhesabu, yeye asiye na maneno. Kuna mmoja kaja na viatu vya kaka yake, vikubwa namba tatu, amemkunjia karatasi kwa mbele. Kuna wawili mapacha wamevaa kinyume, kulia kushoto. Kuna msichana mmoja kiatu kinambana kisigino, mama yake ameambiwa ampitishe kwanza hospitali aonwe, kisha ndipo aje kibandani. Wanamuuliza Mwalimu atakuja lini. Amewaambia miguu ikikubali.

Mwalimu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, yote pamoja. Alipojifuta uso aliona kwamba muda wote huo mumewe alikuwa ameingiza mkono chini ya shuka, vidole viwili vimetulia juu ya mgongo wa mguu wake wa kulia. Akamwambia inatosha sasa, aende nyumbani akaoge, ale, alale kidogo.

"Ngoja," Fundi akasema. "Bado nasikiliza."